Jinsi Kiingereza Kilivyoundwa: Mavamizi, Tauni na Mtambo wa Chapa

Kiingereza hakikuanzia Uingereza. Kilivuka Bahari ya Kaskazini kutoka pwani ambayo leo imegawanyika kati ya Denmark, Ujerumani na Uholanzi, kikatua kwenye kisiwa chenye wenyewe. Wenyeji wa kisiwa hicho, Wabritoni, walisema lugha ya Kikelti ambayo imezaa Kiwelisi cha leo. Walikuwa wametawaliwa na Warumi kuanzia mwaka 43 hadi mwanzoni mwa karne ya 5, dola ya Roma ilipowaondoa askari wake. Ulinzi ulipolegea, makabila ya Kigermaniki yakahamia: Waangli, Wasaksoni na Wajuti. Mtawa Bede, aliyemaliza historia yake ya kanisa la Waingereza mwaka 731, aliutaja mwaka 449 kuwa ndio wa kufika kwao, ingawa uhamiaji wenyewe ulichukua vizazi kadhaa.

Lugha ya wenyeji ilisukumwa hadi magharibi, Wales na Cornwall, na katika Kiingereza iliacha alama chache mno. Nyingi ya hizo ni majina ya mahali, kama mito ya Thames na Avon, ambayo iliitwa hivyo kabla Waangli hawajafika. Jambo hili limewashughulisha wanaisimu kwa muda mrefu, kwa kuwa watu wanaoishi pamoja kwa karne nyingi kwa kawaida huazimana maneno. Maelezo yenye nguvu zaidi ni ya hadhi. Mgeni ndiye aliyeishika ardhi, na mwenyeji aliyetaka maisha mazuri alijifunza lugha ya mgeni. Hali ya namna hiyo ilikuja kutokea tena, lakini mara ya pili wasemaji wa Kiingereza ndio waliokuwa chini.

Kiingereza cha kale hakisomeki kwa Mwingereza wa leo mpaka afundishwe. Nomino ziligawanyika katika makundi matatu ya kijinsia, kivumishi kilifuata kundi la nomino yake, na mwisho wa neno ndio ulioonyesha nani ametenda na nani ametendewa. Msemaji wa Kiswahili, aliyezoea upatanisho wa ngeli, pengine angeuelewa mfumo huo upesi kuliko Mwingereza mwenyewe. Kupotea kwake ni badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya lugha hii, na sehemu ya chanzo chake ni vita.

Kabla ya vita ilikuja dini. Mwaka 597 mmisionari Augustino, aliyetumwa na Papa Gregori wa Kwanza, alifika Kent na kupokewa na Mfalme Æthelberht. Pamoja na ubatizo yalikuja maandishi. Waanglo-Saxoni, yaani makabila hayo ya Kigermaniki, walikuwa na herufi zao za runi, walizozichonga kwenye mbao, mawe na silaha, lakini uandishi wa vitabu waliupata kwa wamisionari. Muda si mrefu sheria za Æthelberht ziliandikwa kwa herufi za Kilatini na kwa lugha ya watu wa Kent. Hizo ndizo sheria za kale zaidi zinazojulikana kuandikwa katika lugha yoyote ya Kigermaniki. Majirani wa bara waliziandika zao kwa Kilatini. Sauti ambazo Kilatini hakikuwa nazo zilihitaji herufi zake, na waandishi wakachukua mbili kutoka kwenye runi. Mojawapo, iliyosimamia sauti ya "th", iliendelea kutumika kwa miaka 800 na zaidi.

Mwaka 793 Wavikingi kutoka Skandinavia waliivamia monasteri ya Lindisfarne, kwenye pwani ya kaskazini-mashariki. Mwanzoni walikuwa wakipora na kuondoka. Mwaka 865 likaja jeshi kubwa lililokusudia kukaa. Kufikia mwaka 874 falme za Northumbria, Anglia ya Mashariki na Mercia zilikuwa zimeanguka, ukabaki ufalme wa Wessex peke yake. Mfalme wake, Alfred, aliwashinda wavamizi huko Edington mwaka 878, kisha nchi ikagawanywa. Kaskazini na mashariki kukawa chini ya sheria za Wadenmark, kusini na magharibi kukabaki kwa Alfred.

Alfred alifanya jambo lililo nadra kwa mfalme wa vita. Aliona kwamba uvamizi umeteketeza vitabu na kuua elimu, na kwamba hata makasisi waliobaki hawakielewi vizuri Kilatini cha ibada zao. Yeye mwenyewe alijifunza Kilatini akiwa mtu mzima, akakusanya wasomi, na akaagiza vitabu vilivyohitajika zaidi vitafsiriwe kwa Kiingereza. Katika enzi hiyohiyo ndipo ilipoanza kuandikwa Tarehe ya Waanglo-Saxoni, kumbukumbu ya matukio mwaka kwa mwaka. Katika Ulaya ya magharibi ya wakati huo, pamoja na Ireland, ni sehemu chache zilizokuwa na maandishi mengi kiasi hicho katika lugha ya watu wake.

Huko upande wa Wadenmark mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na huko ndiko sura ya Kiingereza ilikobadilika zaidi. Waskandinavia walipata mashamba, wakaoa, wakawa majirani. Hadi leo mamia ya vijiji na miji ya upande huo, kama Whitby, Derby na Grimsby, ina majina yanayoishia na "by", neno lao la makazi. Lugha yao ilikuwa ndugu ya Kiingereza. Mashina ya maneno mengi yalifanana, miisho ikatofautiana. Mtu aliyetaka kununua ng'ombe au kupatana juu ya mpaka wa shamba aliweza kueleweka kwa shina peke yake, na miisho ikawa mzigo. Kiingereza kilikuwa tayari kimeanza kuidhoofisha miisho hiyo katika matamshi, lakini ni katika eneo hili la mchanganyiko ndipo ilipopotea mapema zaidi, ikafuatiwa polepole na kusini. Mpangilio wa maneno katika sentensi ukachukua kazi yake.

Maneno yaliyoingia wakati huo yanaonyesha ukaribu wa watu wenyewe. Ni ya nyumbani na ya kila siku: yai, kisu, dirisha, mume, anga, hasira. Viwakilishi "they", "them" na "their" navyo vimetoka kwa Waskandinavia, na hilo ni jambo la kutazamwa kwa makini, kwa sababu lugha huazima nomino kwa urahisi lakini viwakilishi huvishikilia sana. Lugha inayochukua viwakilishi vya watu wengine imelala nao chini ya paa moja.

Kisha ukaja mwaka 1066. Mfalme Edward aliyeitwa Mwungamaji alifariki tarehe 5 Januari bila mtoto, na Harold, bwana mkubwa wa Wessex, akatawazwa. Mnamo Septemba Harold aliwashinda Wanorwei kaskazini, huko Stamford Bridge. Siku chache baadaye ilimbidi akimbize jeshi lake kusini kumkabili William, mtawala wa Normandy, na tarehe 14 Oktoba akauawa karibu na Hastings. William alitawazwa huko Westminster siku ya Krismasi.

Wanormani wenyewe walikuwa wajukuu wa Wavikingi waliokwisha kuacha lugha yao na kusema Kifaransa. Hawakuja wengi, wakulima wa Uingereza walibaki walewale. Waliobadilika ni wenye ardhi. Daftari kubwa la mali lililoandikwa mwaka 1086, ambalo Waingereza huliita Domesday, linaonyesha kwamba katika miaka 20 tu karibu makabaila wote wa Kiingereza walikuwa wamenyang'anywa mashamba. Uaskofu na uabati nao ukaenda kwa wageni. Daftari lenyewe liliandikwa kwa Kilatini.

Kabla ya uvamizi Kiingereza kilikuwa na usanifu wake wa maandishi, uliojengwa Wessex na kutumiwa na waandishi wa majimbo mbalimbali. Usanifu huo haukuvunjwa kwa amri. Wazee waliofundisha wengine kuuandika walikufa, na vijana wenye kutafuta kazi wakaelekea kwenye Kilatini na Kifaransa. Watawa wa Peterborough waliendelea kuiandika Tarehe yao kwa Kiingereza hadi mwaka 1154, na katika kurasa zake za mwisho miisho ya kale inaonekana ikianguka mstari baada ya mstari. Baada ya hapo kila mwandishi wa Kiingereza aliandika kama walivyosema watu wa kwao. Lahaja zilitengana, na hapakuwa na ofisi wala shule ya kuzirudisha pamoja.

Wengi hudhani kwamba maneno ya Kifaransa yalimiminika mara tu William alipotawazwa. Sivyo. Katika miaka karibu 200 ya mwanzo, maneno yanayopatikana katika maandishi ya Kiingereza hayafiki 1,000, na mengi ni yale ambayo mtu wa chini humsikia bwana wake akiyataja. Mafuriko yalikuja kati ya mwaka 1250 na 1400, wakati ambapo mabwana wenyewe walikuwa wakikiacha Kifaransa. Walipoanza kusema Kiingereza waliingia na msamiati waliouzoea wa sheria, kodi, chakula, mavazi na sanaa. Watafiti hukadiria kwamba katika enzi hiyo nzima maneno karibu 10,000 yaliingia. Ndiyo maana msamiati wa mahakama ya Kiingereza, "court", "judge", "jury", "prison", ni wa Kifaransa karibu wote, ilhali maneno ya nyumba, mkate, maji na mtoto yamebaki ya Waanglo-Saxoni. Mfalme na malkia pia wamebaki na majina yao ya kale.

Kilichowafanya mabwana hao waiache lugha ya baba zao ni jambo la ardhi. Mwaka 1204 Mfalme John aliipoteza Normandy kwa Philip wa Pili wa Ufaransa. Familia nyingi zilikuwa na mashamba pande zote mbili za bahari, na sasa zililazimika kuchagua mfalme mmoja na kuacha mashamba ya upande mwingine. Mwaka huo wa 1204 hupewa nafasi ndogo vitabuni ukilinganishwa na ule wa 1066, lakini kwa historia ya Kiingereza uzito wake unakaribiana nao. Waliochagua Uingereza walijikuta wakilea watoto mikononi mwa yaya na watumishi wasiojua Kifaransa, katika nchi ambayo haikuwa tena na mlango wa kwenda kwa jamaa zao. Mwaka 1258, mfalme Henry wa Tatu alipobanwa na makabaila wake, tangazo la kukubali masharti yao lilitolewa kwa Kiingereza pia, ili lieleweke katika kila wilaya.

Pigo la pili lilikuwa tauni. Iliingia kwa meli kwenye bandari ndogo ya Dorset katikati ya mwaka 1348, na ndani ya miezi 18 hivi ikawa imeua kati ya theluthi na nusu ya watu. Watumishi waliobaki walidai ujira mkubwa na kuhama walikopenda. Serikali ilijaribu kuwazuia kwa sheria za mwaka 1349 na 1351, bila mafanikio ya kudumu. Mapadri na walimu walikufa kwa wingi kwa kuwa kazi yao iliwakutanisha na wagonjwa, na waliochukua nafasi zao wengi wao hawakuwa na Kifaransa cha kufundishia. Mtafsiri John Trevisa aliandika mwaka 1385 kwamba katika shule zote za sarufi watoto wameacha Kifaransa na wanafasiri Kilatini kwa Kiingereza. Badiliko hilo alilinasibisha na mwalimu John Cornwall, aliyelianzisha baada ya tauni.

Vita vya muda mrefu na Ufaransa, vilivyoanza mwaka 1337, viliongeza jambo jingine: Kifaransa kikawa lugha ya adui. Mwaka 1362 Bunge lilipitisha sheria kwamba mashauri mahakamani yaendeshwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakielewi Kifaransa. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa, na wanasheria waliendelea kuandika Kifaransa chao kwa muda mrefu baadaye; Kilatini na Kifaransa cha mahakamani viliondolewa kabisa kuanzia mwaka 1733 tu. Mwaka 1399 Henry wa Nne alidai kiti cha enzi kwa Kiingereza mbele ya Bunge. Henry wa Tano, alipokuwa vitani Normandy mwaka 1417, alianza kuandika barua zake za kiserikali kwa Kiingereza. Mwaka 1422 chama cha watengeneza bia wa London kiliamua kuweka kumbukumbu zake kwa Kiingereza, kikataja mfano wa mfalme na ukweli kwamba wanachama wake wengi walijua kusoma lugha hiyo na hawakujua Kilatini wala Kifaransa. Kwa njia hii Kiingereza kilirudi barazani. Kila sheria na kila barua ya mfalme iliidhinisha jambo ambalo wakulima, yaya na mafundi walikwisha kulifanya.

Kiingereza kilichorudi kilikuwa cha London. Jiji hilo lilipokea wahamiaji wengi, hasa kutoka mikoa ya kati na mashariki, na lahaja yao ikachanganyika na ya wenyeji. Geoffrey Chaucer, mtoto wa mfanyabiashara wa divai wa London na mtumishi wa serikali, aliitumia katika Hadithi za Canterbury, na alifariki mwaka 1400. Lakini uamuzi wa lahaja ipi iwe ya wote uliachwa kwa makarani wa serikali na, baada yao, kwa wachapaji.

William Caxton alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa aliyeishi Bruges karibu miaka 30. Alijifunza uchapaji Cologne, akachapa kitabu cha kwanza cha Kiingereza akiwa bado ng'ambo, na mwaka 1476 akafungua duka lake karibu na kanisa la Westminster. Katika dibaji ya mwaka 1490 alisimulia kisa cha wafanyabiashara waliokwama mdomoni mwa mto Thames. Mmoja wao alikwenda kwenye nyumba jirani kuomba mayai kwa neno lililotokana na Waskandinavia, na mama mwenye nyumba akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mwenzake alipotumia neno la kale la kusini, mama akaelewa mara moja. Caxton aliuliza mchapaji aandike lipi kati ya hayo mawili. Swali halikuwa dogo, maana kitabu kilichochapwa kwa mamia kilipaswa kuuzwa Kent na York vilevile. Leo neno la Skandinavia, "egg", ndilo lililobaki.

Herufi za risasi na mafundi wa kwanza walitoka bara. Ile herufi ya runi iliyosimamia "th" haikuwamo katika seti zao, hivyo ikatoweka vitabuni, na sauti yake ikaandikwa kwa herufi mbili. Hadi mwaka 1640 vitabu na vijitabu zaidi ya 20,000 vilikuwa vimechapwa kwa Kiingereza, na tahajia ya wachapaji ikaanza kuganda.

Iliganda wakati mbaya. Kati ya mwaka 1400 na 1700 irabu ndefu za Kiingereza zilihama zote. Kabla ya hapo ziliandikwa na kutamkwa karibu kama za Kiswahili: katika "name" ilisikika "a" ndefu, katika "time" ilisikika "ii", na katika "house" ilisikika "uu". Neno "knight" lilitamkwa na "k" yake, na "gh" yake ilikuwa mkwaruzo unaokaribiana na "kh" ya Kiswahili. Sababu ya mhamo huo bado inabishaniwa; mchanganyiko wa lahaja katika London baada ya tauni ni mojawapo ya zinazotajwa. Matamshi yalikwenda, tahajia ikabaki. Wasomi nao wakaongeza ugumu: neno la deni, lililotoka Ufaransa bila "b", lilipachikwa herufi hiyo ili lifanane na Kilatini, na hakuna aliyewahi kuitamka. Mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu anayeteseka na tahajia ya Kiingereza anasoma matamshi ya karne ya 15 yaliyohifadhiwa kwa risasi.

Matengenezo ya kidini yaliipeleka lugha iliyochapwa kwa watu wasio na elimu ya juu. Kanisa la Uingereza lilikuwa limepiga marufuku tafsiri za Biblia zisizoidhinishwa tangu mwanzoni mwa karne ya 15. William Tyndale alikimbilia Ujerumani, na mwaka 1526 Agano Jipya lake, lililotafsiriwa kutoka Kigiriki, lilichapwa Worms na kuingizwa Uingereza kwa siri. Alikamatwa Antwerp, akanyongwa na kuchomwa moto mwaka 1536. Miaka mitatu baadaye Henry wa Nane aliruhusu Biblia ya Kiingereza iwekwe makanisani, na sehemu kubwa ya maneno yake ilikuwa ya Tyndale. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611. Hakuna mwandishi mwingine, hata Shakespeare, aliyesikika masikioni mwa Waingereza wengi kiasi hicho, Jumapili baada ya Jumapili. Kwa wengine lugha hiyohiyo ilikuja kama shuruti. Watu wa Cornwall waliasi mwaka 1549 walipolazimishwa kusali kwa Kiingereza, wakashindwa vitani, na Kikornwall kikazidi kufifia.

Uingereza haikuwahi kuunda chuo cha kusimamia lugha, ingawa Jonathan Swift alilipendekeza hilo mwaka 1712. Kazi hiyo ilifanywa na watu binafsi. Robert Cawdrey alitoa orodha ya maneno magumu mwaka 1604, Samuel Johnson akatoa kamusi yake ya maneno karibu 42,000 mwaka 1755, na Noah Webster akaipa Marekani kamusi yake mwaka 1828.

Karibu mwaka 1600 Kiingereza kilikuwa na wasemaji milioni chache, karibu wote wakiwa katika kisiwa kimoja. Kampuni ya Uhindi ya Mashariki ilipewa hati mwaka 1600, makazi ya Jamestown yakaanzishwa Virginia mwaka 1607, na Jamaica ikatekwa kutoka kwa Wahispania mwaka 1655. Katika mashamba ya miwa ya Karibi, Waafrika waliotiwa utumwani kutoka mataifa tofauti waliunda Krioli zenye maneno mengi ya Kiingereza na sarufi yenye mizizi ya Afrika Magharibi. Hizo ni lugha kamili, na kuziita Kiingereza kibovu ni dhuluma juu ya dhuluma. Nchini India, serikali ya kikoloni iliamua mwaka 1835 kutumia fedha za elimu ya juu kwa masomo ya Kiingereza.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliohitimisha Vita Kuu ya Kwanza na Ujerumani, uliandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, na maandishi yote mawili yakawa na nguvu sawa. Kabla ya hapo Kifaransa ndicho kilichokuwa lugha ya kawaida ya diplomasia ya Ulaya. Mkataba huohuo uliinyang'anya Ujerumani makoloni yake. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iliwekwa chini ya Uingereza na kupewa jina la Tanganyika mwaka 1920. Kiingereza kikachukua nafasi ya Kijerumani katika ofisi kuu na mahakama za juu, na Kiswahili, ambacho Wajerumani walikwisha kukitumia katika utawala wa wilaya, kikaendelea na kazi hiyo pamoja na ya kufundishia katika shule za msingi.